CD za taarabu kwenye kompyuta: zinapogoma, zinapokwaruza, zinapopoteza ladha

CD nyingi zilizomo majumbani mwetu Mombasa hazikutoka kiwandani. Zilichomwa moja moja kwenye kompyuta ya duka au ya mpiga video wa harusi, zikaandikwa jina kwa kalamu ya wino, zikatiwa kwenye bahasha ya karatasi. Ndani yake mna taarabu, kasida, maulidi, mawaidha, na sauti za watu ambao baadhi yao hatunao tena. Maelekezo mengi ya kuhamishia muziki kwenye kompyuta yameandikiwa wenye CD za kiwandani, zilizouzwa dunia nzima na zinazotambulika na kila programu. Zetu zina maradhi yake. Hapa nimekusanya malalamiko yanayojirudia, na kwa kila moja naanza na sababu iliyo ya kawaida zaidi kabla ya kwenda kwenye zilizo nadra.

Kwanza fahamu hili. CD ya kiwandani ina vishimo vidogo vilivyopigwa kwenye plastiki. CD ya kuchomwa haina vishimo. Ina tabaka la rangi ambalo leza ililibadilisha wakati wa kuchoma, na joto, jua na unyevu huendelea kulibadilisha hata ikiwa imelala kabatini bila kuguswa. Ukiwa na rundo la kuhamisha, anza na zilizochomwa, na miongoni mwa hizo anza na zile zisizo na nakala popote. Albamu ya kiwandani yaweza kusubiri mwaka mwingine.

Mpangilio wa kuanzia

Nusu ya matatizo hutokana na programu kuachwa na mpangilio iliyokuja nao. Kwenye Windows tumia Exact Audio Copy, haina malipo. Programu ya fre:ac, nayo ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Wenye Mac wengi hutumia XLD. Yoyote utakayochagua, iwekee usomaji wa uangalifu, ule unaorudia kusoma sehemu yenye shaka mpaka majibu yalingane, hata kama utakwenda polepole.

Hifadhi kwa FLAC. FLAC hupunguza ukubwa wa faili bila kutupa chochote, na ukiifungua unapata kilekile kilichokuwa kwenye CD, biti kwa biti. Muziki wa CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, njia mbili, jumla kilobiti 1,411 kwa sekunde. Saa moja ya muziki bila kubanwa ni kama megabaiti 635. Kwa FLAC mara nyingi inashuka hadi kati ya 300 na 400. MP3 ya kilobiti 320 ni megabaiti 144, na ya 128 haifiki 60. Diski ngumu za leo zina nafasi tele, kwa hiyo sioni sababu ya kubania megabaiti kwenye nakala ya msingi. Viwango vya kubana vya FLAC, kuanzia 0 hadi 8, vyote vinatoa sauti ileile. Tofauti ni muda wa kubana na ukubwa wa faili tu. Acha 5, endelea na kazi.

"Nimekopi nyimbo zote, lakini kwenye flashi hazichezi"

Hili ndilo linaloongoza. Mtu anafungua CD, anaona Track01.cda, Track02.cda, anaziburuta hadi kwenye folda. Kazi inaisha kwa sekunde moja, naye anafurahi. Angalia ukubwa wa faili hizo: kila moja ni baiti 44. Wimbo haumo. Faili ya .cda ni kielekezi tu ambacho Windows hukuonyesha, kinachosema wimbo unaanza wapi kwenye CD. Ukiitoa CD, kielekezi hakina pa kuelekeza. Dawa ni kutumia programu nilizozitaja, zisome muziki wenyewe na kuutengenezea faili.

Sababu ya pili ni kinyume chake. CD ina nyimbo mia na zaidi, na programu ya kunakili inasema haioni muziki. Hiyo ni CD ya MP3, yenye faili za kawaida. Hiyo ndiyo ya kuburuta, na ukishaburuta umemaliza. Usizigeuze kuwa FLAC. Zitavimba bila kuongeza ubora hata chembe.

Sababu ya tatu ni VCD, yaani CD ya video. Video nyingi za harusi na za vikundi vya taarabu zilitoka hivyo. Ukikuta folda inayoitwa MPEGAV yenye faili za .dat, hiyo ni video. Ijaribu kwa VLC, kichezeo cha bure cha video na muziki, na ukitaka sauti peke yake, VLC hiyohiyo inaweza kuitoa.

"Nikiiweka CD, kompyuta haioni kitu"

Jaribu CD nyingine kabla ya yote, ikiwezekana ya kiwandani na iliyo safi. Ikisoma hiyo, draivu ni nzima na shida iko kwenye CD yako. Ruka uende sehemu inayofuata. Isiposoma yoyote, endelea hapa.

Kwa draivu za nje za USB, mkosaji wa kawaida ni umeme mdogo. Mlango wa USB 2.0 umepangiwa miliampea 500, na draivu inapoanza kuzungusha CD huweza kutaka zaidi ya hapo. Dalili yake ni mlio wa kuanza na kuacha, kuanza na kuacha, na taa inayomweka. Ondoa kigawanyo cha USB, chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, jaribu mlango mwingine, hasa wa USB 3.0. Badilisha waya pia, maana waya mrefu au mwembamba hupoteza umeme njiani. Waya wa vichwa viwili upande wa kompyuta, ule unaochota umeme kwenye milango miwili, hutatua mengi.

Inayofuata ni ya pwani hasa. Laptopu au draivu iliyokaa kwenye ofisi yenye AC, ukiitoa na kuifungua mara moja kwenye joto la nje, hufanya ukungu juu ya lenzi, nao huoni kwa macho. CD nayo hutoa jasho. Ziache zikae nje ya mkoba, zimezimwa, kwa muda wa saa moja, ndipo ujaribu. Msimu wa masika, nguo zinaposhinda kambani bila kukauka, hata nyumba isiyo na AC unyevu wake unatosha kuleta taabu hii asubuhi.

Kisha vumbi. Nyumba iliyo karibu na barabara au bahari hujaza vumbi na chumvi ndani ya draivu. Kipulizio cha hewa cha mkono kinatosha. Usipulize kwa mdomo. Utapeleka mate kwenye lenzi. Kwenye draivu za laptopu ambazo lenzi inatoka pamoja na trei, pamba ya masikio iliyolowa kidogo sana kwa spiriti ya isopropili, ikipitishwa taratibu bila kukandamiza, inafaa. Umeme uwe umezimwa. Draivu ya mezani inayohitaji kufunguliwa kwa bisibisi, iache. Leza ya CD ina urefu wa wimbi wa nanomita 780, mwanga ambao jicho karibu halioni kabisa, kwa hiyo huwezi kujua kama unakupiga machoni. Draivu mpya ya nje ni nafuu kuliko jicho, na ukitaka ifunguliwe, mpelekee fundi wa vifaa vya elektroniki.

"Za mwanzo safi, za mwisho zinakwama au zinakwaruza"

CD husomwa kuanzia ndani kwenda nje, na ukingo wa nje ndio unaoshikwa na vidole, unaopinda kwa joto, na unaoanza kuharibika. Ndiyo maana wimbo wa kwanza unaweza kuwa safi kabisa na wa kumi ukawa mahame.

Kabla ya dawa, fahamu kwa nini muziki hukwaruza mahali ambapo faili ya kawaida ingegoma. Kila sekunde ya CD ya muziki ina vipande 75, na kila kipande kina baiti 2,352, zote ni sauti. CD ya faili hutumia baiti 2,048 tu kwa faili zenyewe. Nafasi inayobaki ina alama za kupanga na za kusahihisha makosa. Muziki haukupewa kinga hiyo ya pili. Kinga ya kwanza ikishindwa, draivu nyingi hukisia sauti iliyopotea au hunyamaza kidogo, kisha huendelea bila kuiambia kompyuta kwamba kuna kilichokosekana. Programu ya kawaida inaandika "tayari", na mwezi mmoja baadaye unasikia mkwaruzo katikati ya ubeti. Usomaji wa uangalifu upo kwa ajili ya hilo.

Osha kwanza. Maji safi ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, vidole vyako, kisha suuza. Kausha kwa kitambaa laini cha pamba kisicho na vumbi, ukipangusa kutoka tundu la kati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Mkwaruzo unaokata njia ya muziki kwa upande, draivu inaweza kuuruka, lakini ule unaofuata mzunguko huharibu kipande kirefu cha wimbo mmoja. Ikiwa CD ina karatasi juu au maandishi ya kalamu, maji yasiguse upande huo. Tumia kitambaa chenye unyevu upande wa chini peke yake. Dawa ya meno, mafuta ya nazi, petroli na tiner ziache jikoni na gereji.

Kisha punguza kasi. Draivu iliyoandikwa 52 huizungusha CD karibu mara 10,000 kwa dakika. CD iliyopinda kidogo au yenye stika ya karatasi iliyokaa upande haiwezi kutulia kwa kasi hiyo. Weka kasi ya 8 au 4 kwenye programu. Itachukua muda mrefu zaidi, na mara nyingi hapo hapo tatizo linaisha.

Kama bado, badilisha draivu. Hili watu hawaliamini mpaka walione. CD ileile inayokataa kwenye laptopu mpya husomwa bila kusitasita na draivu nene ya kompyuta ya mezani ya zamani, hasa ile iliyoweza pia kuchoma. Omba kwa jirani, uliza kwenye ofisi inayoondoa kompyuta chakavu. Kwa CD za kuchomwa, kubadilisha draivu kumeokoa nyimbo nyingi kuliko dawa nyingine yoyote niijuayo.

Hatua ya nne ni kuikagua CD kwenye mwanga. Ishike mbele ya taa, upande wa maandishi ukuelekee. Ukiona nukta za mwanga zinapenya, au kitabaka kinachong'aa kimebanduka, hapo muziki haupo tena. Muziki wa CD haukai upande wa chini unaong'aa kama wengi wanavyodhani. Upo juu, chini ya lakiri nyembamba na maandishi. Plastiki yenye unene wa karibu milimita 1.2 ndiyo iliyo chini yake. Kwa hiyo mkwaruzo wa upande wa chini unaweza kusuguliwa na mashine ukatoka, lakini wa upande wa juu hauna dawa. Na lakiri ikishakwaruzika, unyevu wa bahari unapata njia ya kula kitabaka hicho taratibu. Mtu akikuambia atasugua pande zote mbili, chukua CD yako uondoke.

Onyo ambalo halina mjadala: CD yenye ufa, hata mdogo, unaoanzia tundu la kati, usiiweke kwenye draivu. Kwa kasi kubwa inaweza kupasuka vipande na kuvunja draivu nzima.

Na kama CD ni ya pekee, sauti ya marehemu, maulidi ya mwaka fulani, usiijaribu usiku kucha. Ukishaosha, ukapunguza kasi, ukajaribu draivu mbili, na bado inakwama palepale, isimamishe. Okoa nyimbo zinazosomeka, nyingine zipeleke kwa mtaalamu. Nimeandika juu yake mwishoni.

"Programu inasema CD hii haimo kwenye AccurateRip. Nimekosea wapi?"

Hujakosea. AccurateRip ni hifadhidata inayolinganisha nakala yako na za watu wengine waliosoma CD hiyohiyo. Zikilingana, unajua umepata sahihi. CD ya kiwandani iliyouzwa Ulaya mara nyingi utaikuta humo. CD iliyochomwa hapa Mombasa kwa ajili ya harusi moja hutaikuta, na wala haitakuwamo.

Lakini usilale kwa sababu hiyo, kwani umekosa shahidi. Jitengenezee wako. Exact Audio Copy ina chaguo la kujaribu kisha kunakili: inausoma wimbo mara mbili na kuandika namba ya ukaguzi ya kila mara kwenye ripoti. Namba zikiwa sawa, usomaji wa mara mbili umetoa kitu kilekile. Zikitofautiana, wimbo huo una kasoro hata kama sikio lako halijaisikia. Kwa CD muhimu sana, soma mara ya pili kwenye draivu nyingine kabisa, maana draivu moja inaweza kurudia kosa lilelile. Huko namba zinaweza kutofautiana kwa sababu kila aina ya draivu huanza kusoma mbele au nyuma kidogo, kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Rekebisha pengo hilo kwenye mipangilio ya kila draivu ndipo ulinganishe. Hifadhi ripoti kwenye folda ya albamu. Ni karatasi ya ushahidi wa kazi yako.

Ikiwa CD ni ya kiwandani na AccurateRip inaijua lakini inasema nakala yako hailingani, basi kuna kosa kweli. Jaribu CUETools, ambayo kwa baadhi ya albamu ina taarifa za ziada zinazoweza kurekebisha makosa madogo bila kuigusa CD.

"Sauti imekuwa kama inatoka ndani ya mtungi"

Sababu ya kwanza ni kiwango cha kubana. Windows Media Player ya zamani, ukiiachia mpangilio wake, hutoa WMA, aina ya faili ya muziki ya Windows, ya kilobiti 128. MP3 ya 128 mara nyingi hukata sauti zote zilizo juu ya karibu hezi 16,000, ilhali CD inafika 22,050. Kwa mtu anayezungumza, huenda usisikie tofauti. Kwa taarabu utaisikia. MP3 hupata taabu na sauti zinazoanza ghafla na zenye mlio mkali: kipigo cha tari, nyuzi za ganuni, na tashkota, ala ya nyuzi yenye vibonyezo, ile inayokata juu ya sauti za waimbaji katika nyimbo za Zuhura Swaleh. Sikiliza udi wa Zein l'Abdin kwa hedifoni, pale anapopiga peke yake kabla ya kuimba. Kwenye MP3 ya chini, kila mdono wa uzi unatanguliwa na ukungu mdogo, na ukimya ulio baina ya midono unachafuka. Mtu anayesema hakuna tofauti namwomba asikilize hapo, kwa hedifoni, mahali pasipo na feni.

Nakili upya kwa FLAC. Na ukihitaji MP3 ya simu, itengeneze kutoka kwenye FLAC kwa LAME, programu ya bure ya kutengeneza MP3. Mpangilio wa V0 hutoa wastani wa kama kilobiti 245, V2 kama 190. Mipangilio hii huipa sehemu ngumu ya wimbo nafasi kubwa zaidi na sehemu nyepesi nafasi ndogo. Kwa simu na spika ndogo V2 inatosha kabisa, sijamwona aliyelalamika.

Sababu ya pili inaumiza, kwa sababu haina dawa: CD yenyewe ilichomwa kutoka MP3. Duka lilikuwa na MP3 za 128, likazichoma zikawa CD ya muziki, na wewe unaponakili kwa FLAC unahifadhi kwa uaminifu kitu kilichokwisha kukatwa. Fungua faili kwa programu ya bure iitwayo Spek. Itakuchorea sauti kwa picha. Ukiona ukingo ulionyooka, kila kitu juu ya hezi 16,000 kikiwa cheusi wimbo mzima, asili yake karibu hakika ni MP3.

Usiichanganye na ya tatu: CD iliyotokana na kaseti. Nyimbo nyingi za Mombasa zilitoka kwanza kwa santuri ndogo na kaseti, zikiwemo za Mbwana Radio Service, kabla ya kufika kwenye CD. Picha yake hufifia taratibu kuelekea juu na ina mvumo wa kaseti tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo si kasoro ya kunakili. Usikimbilie kuondoa mvumo kwa programu. Ukikaza kidogo tu, unaondoka nao pumzi ya mwimbaji na mlio wa uzi. Kama kaseti yenyewe ipo na bado inacheza, inaweza kuwa chanzo bora kuliko CD.

Kugeuza MP3 ya 128 kuwa ya 320, au kuwa FLAC, hakurudishi kilichotupwa. Faili inanenepa, basi. Yeyote anayekuuzia "taarabu za FLAC" kwenye flashi, ziangalie kwa Spek kabla ya kumlipa.

Nadra zaidi: sauti kali isivyo kawaida, yenye kuchoma masikio, kwenye CD za kiwandani za miaka ya 1980. Baadhi zilirekodiwa kwa kuinuliwa sauti za juu ambazo kichezeo kilitakiwa kuzishusha. Exact Audio Copy huonyesha alama ya wimbo wa namna hiyo.

"Majina yote ni Track 01, au limekuja jina la albamu nisiyoijua"

CD nyingi za muziki hazibebi majina. Programu huhesabu idadi na urefu wa nyimbo, kisha huuliza kwenye intaneti. Angalia kwanza kama intaneti ipo. Kisha angalia programu inauliza wapi: hifadhidata ya freedb ilifungwa mwaka 2020, na programu ya zamani inayoielekea itangoja bure. Elekeza MusicBrainz, hifadhidata nyingine ya majina ya nyimbo. Kwa CD zetu za kuchomwa, jibu la kawaida ni kwamba hazimo, au urefu wa nyimbo umefanana kwa bahati na albamu ya mtu mwingine kabisa.

Andika kwa mkono, wakati CD bado iko mezani. Programu ya Mp3tag inakurahisishia, na licha ya jina lake inahariri FLAC pia. Chagua tahajia moja ya jina la msanii na ushikamane nayo, vinginevyo Zein l'Abdin, Zein Labdin na Zain Abdin watakuwa watu watatu kwenye simu yako. Kwenye sehemu ya maelezo, andika kilichoandikwa juu ya CD neno kwa neno, hata kama ni "Harusi ya Bi Arusi, usiku wa kupamba". Piga picha bahasha na CD, uweke kwenye folda hiyohiyo. Kisha kaa na mzee anayezijua nyimbo, umchezee, umuulize nani anaimba na nani anapiga fidla. Taarifa hiyo haimo kwenye intaneti, na mwenye nayo hatakaa milele.

"Kuna kimya kifupi katikati ya kasida isiyokatika"

CD iligawa usomaji mmoja mrefu kuwa nyimbo kadhaa. MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, na si kila kichezeo kinajua kukiruka. Tumia FLAC, ambayo haiongezi kitu. Zima pia chaguo lolote la kuondoa ukimya kwenye programu ya kunakili. Kama kimya ni cha sekunde mbili kamili kila mara, kilitiwa na aliyechoma CD, na utakikata mwenyewe kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwenye nakala ya pili, ukiiacha ya kwanza ilivyo.

"Nyingine ziko juu, nyingine chini. Nyingine upande mmoja tu"

Sauti kupishana ni kawaida kwa CD za nyakati na studio tofauti. Tumia ReplayGain, ambayo huandika ndani ya faili kiasi cha kupandisha au kushusha bila kuigusa sauti yenyewe. Usitumie chaguo la kusawazisha sauti wakati wa kunakili. Linabadilisha nakala ya msingi moja kwa moja.

Sauti ya upande mmoja: angalia kichwa cha hedifoni, kisha jaribu wimbo mwingine. Kama ni CD hiyo peke yake, aliyehamisha kutoka kaseti alichomeka waya mmoja. Nakili kama ilivyo, kisha kwenye nakala ya pili jaza upande mtupu kwa kunakilisha ule uliopo.

"Kwenye laptopu inacheza, kwenye gari haichezi"

Redio nyingi za magari na matatu hazisomi FLAC. Tengeneza nakala za MP3 kwa ajili ya gari. Kama bado, flashi huenda imepangwa (format) kwa mtindo wa NTFS au exFAT ambao redio haiuelewi; ipange upya kwa mtindo wa FAT32, ukikumbuka kwamba hilo linafuta kila kilichomo. Nyimbo zikicheza ovyo bila mpangilio, anza majina ya faili kwa 01, 02, 03, na uzikopi kwa mfuatano huo, kwani redio nyingine hufuata utaratibu wa kukopiwa. Majina ya Kiarabu yakitoka kama visanduku, kwenye mipangilio ya Mp3tag chagua maelezo ya MP3 yahifadhiwe kwa ID3v2.3 yenye herufi za UTF-16. Yakikataa, andika kwa herufi za Kilatini.

"Faili zilizokuwa zinacheza zimegoma"

Kama ni WMA za miaka mingi na umebadilisha kompyuta, Windows Media Player ya zamani huenda ilizitia kufuli la kunakili lililofungwa na kompyuta ile. Rudi kwenye CD, unakili upya.

Kama ni FLAC, mara nyingi stima ilikatika wakati wa kuandika. FLAC hubeba ndani yake namba ya ukaguzi ya sauti, na programu yake ya amri, kwa neno `flac -t` na jina la faili, itakuambia kama ni nzima. Kagua mkusanyiko wote kila baada ya kipindi, na uwe na nakala kwenye diski mbili zisizokaa nyumba moja. Diski ya nje ikianza kutoa mlio wa tiki-tiki, ichomoe hapohapo. Usiiwashe tena ujaribu bahati. Kila mzunguko unaweza kukwangua zaidi. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kuokoa data.

Ukimpelekea mtaalamu

Mpelekee CD za pekee zilizokwama, zenye ufa, zilizobanduka kitabaka, au zilizoota kuvu ndani ya plastiki. Iweke kwenye kasha gumu, isigusane na kitu, na isiachwe juu ya dashibodi ya tuktuk kwenye jua la kaskazi. Mweleze ulichokwisha kujaribu na ni wimbo gani unaokwama. Kabla ya kumwachia, muulize kama atasugua chochote, na umkatalie kama atataka kusugua kabla ya kujaribu kusoma. Mwambie unataka WAV (sauti isiyobanwa) au FLAC, si MP3, na kwamba unataka hata wimbo uliopatikana nusu. Kisha dai CD yenyewe irudi, isomeke isisomeke, kwa sababu draivu nyingine inaweza kuisoma pale ambapo ya kwake imeshindwa.